Ndoo ya Ukindu

Mwinjuma hakungoja hata nivue viatu. "Daktari kasemaje?"

Nyuma yake, jikoni, mke mwenzangu Rukaya alikuwa akigeuza chapati. Akasimama, naye akitaka kusikia.

Niseme ukweli, yule binti nilimchukia tangu siku alipoingia kijijini kwetu Mazingara na begi lake jekundu. Miaka kumi na tisa nimekaa na Mwinjuma, sijawahi kumchekesha mpaka akashika ukuta. Rukaya alimchekesha hivyo wiki ya kwanza. Na kilichoniuma zaidi, binti mwenyewe alikuwa mwema. Vidole vyangu vilipoanza kuvimba na kukakamaa asubuhi, yeye ndiye aliyenilowekea ukindu wa mikeka kwenye ndoo, nisiguse maji ya baridi. Jioni alinikanda kidole kimoja kimoja. Watu walisema baridi yabisi inaletwa na maji ya baridi. Marehemu mama naye aliamini hivyo, akayakimbia maji maisha yake yote, na vidole vikapinda vilevile.

Kisha jirani yangu Mashavu akaninong'oneza: ndoo anajaza mke mwenzio, wewe unashika tu ukindu unaotoka humo, unajua katia nini? Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kuliko mgonjwa aliyepata dawa.

Sasa siku hiyo daktari aliniuliza habari za mama, akanieleza taratibu kwamba mwili wenyewe ndio unaoshambulia viungo vyake. Si maji, si mkono wa mtu. Akanipa vidonge, nikavifunga kwenye pindo la khanga.

"Hospitali hawajaona kitu," nikamjibu Mwinjuma.

Kwetu maneno hayo yanatosha. Hospitali wasipoona kitu, basi kuna mtu. Mwinjuma aliitazama ile ndoo, akamtazama Rukaya, na chapati ikaungua. Kabla ya Ijumaa alishampa talaka. Vidonge nilivitupa chooni, maana ningevimezaje mbele ya mume?

Juzi nimemkuta Rukaya sokoni Chanika akiuza vitenge, kanawiri, anacheka na wateja. Wivu ukanipanda upya, nikageuza njia. Akaniwahi.

"Shikamoo, dada."

Akaushika mkono wangu, akavipapasa vidole kama zamani.

"Vimezidi," alisema. "Na ile ndoo sijaigusa mwaka wa tatu huu."

Aliurudisha mkono wangu polepole, akaenda kumkunjulia mteja kitenge. Shikamoo yake nilikuwa bado sijaiitikia.