Maana ya Funika Chungu

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada la kijani, kurasa hazifiki hamsini, na Nafuna alikichukia tangu Jumatatu kilipoingia kiwandani. Aliuchukia ukurasa wa kumi na tisa. Alimchukia msimamizi aliyekileta akikipunga juu kama tiketi ya bahati nasibu. Lakini mtu aliyemchukia kuliko wote wiki ile alikuwa Nafuna mwenyewe, mzaliwa wa Busiu, mama mzima wa miaka hamsini na mitatu, mwenye mdomo usiojua kufungwa.

Tuanze na kiwanda. Kipo Mbale, mwendo mfupi kutoka Namatala, na ndani yake wanawake thelathini hukaa sakafuni wakichambua kahawa, nzuri huku, mbovu kule, kutwa nzima mgongo umepinda. Wapo Wagisu, wapo Wateso, wapo Wasoga, na wawili ni Wakenya kutoka ng'ambo ya Malaba. Hakuna lugha ya mama inayowatosha wote, ndiyo maana husemezana Kiswahili, kile cha kubahatisha, kinachoazima kila mahali bila kurudisha. Na tangu enzi za marehemu Eseza palikuwa na desturi moja pale: mgeni hapewi ungo kabla ya kupewa neno. Mkubwa wao humketisha kando akamwambia, "Ukisikia mtu anasema funika chungu, usibaki peke yako. Na mwenzako akiitwa, usimwache aende peke yake." Kahawa atajifunza baadaye, kahawa si ngumu.

Eseza alilitoa neno hilo kwenye usichana wake, miaka ya utawala wa wanajeshi. Mama zao walipoona gari la askari linakata kona kuja mtaani, walipaza sauti kana kwamba wanahimizana mapishi: funikeni vyungu! Wasichana wakaruka nyua na kutokomea migombani. Miaka ile ikapita, Eseza akapata kazi kiwandani, akamkuta msimamizi mwenye mikono isiyotulia, akaliamsha neno lake la zamani. Msimamizi wa sasa aliitwa Conrad, naye alikuwa wa nne wa namna ile ile. Akimwita msichana stoo ya nyuma kupima magunia, mmoja husema neno, na wawili huinuka. Huyu ana kiu, yule anakwenda kusaidia kubeba. Conrad alibaki kuuma meno, hana pa kushika.

Sasa sikia jinsi mdomo ulivyoponza kichwa.

Mwezi wa pili alikuja msichana kutoka Jinja, Ankita, binti wa mwenye kiwanda, Bwana Arvind. Alikuwa akikusanya maneno ya mitaani, ya wazee na ya vijana, ayatie kitabuni yasipotee. Hakuwa na maringo. Alikaa sakafuni pamoja nao, akala mahindi ya kuchemsha, akauliza na kuandika. Wakampa "mafuta mingi", jina la wale waliotajirika ghafla kwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, naye akasema bibi yake, mmoja wa waliofukuzwa, mpaka leo hataki litajwe mezani. Wakampa "muyaye". Wanawake wa rika la Nafuna wakaapa kwamba zamani mtu akikuita muyaye, yaani mhuni, mnafikishana kwa chifu. Namwase, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Walukuba, mtaa wa Jinja, akacheka mpaka akalalia ungo, maana vijana wenzake huitana hivyo kwa mapenzi. Ilikuwa siku njema, lazima isemwe.

Ndipo Ankita akauliza, "Na asubuhi nimesikia mtu anasema funika chungu. Hiyo maana yake nini, mama?"

Conrad alikuwa ameegemea mlango, anachokonoa meno. Nafuna ndiye mkubwa, Nafuna ndiye wa kujibu, na alijibu haraka. "Ah, hiyo ya kucheka tu. Mwanaume mtanashati akipita, tunaambiana funika chungu, asitie jicho ndani!"

Wanawake wakaangua kicheko, nusu kwa utani, nusu kwa kuokoka. Conrad akanyoosha kola. Mtoto wa watu akaandika alichoambiwa.

Nafuna angeweza kumfuata getini akamnong'oneza ukweli, na alikusudia hivyo. Lakini gari lilikuwa limeshawashwa, msimu ulikuwa umepamba moto, na, tusifichane, alikuwa amefurahishwa na ujanja wake. Alikaa miezi akijisifu jinsi alivyomzunguka Conrad mchana kweupe.

Basi Jumatatu ile Conrad alisimama katikati ya nyungo akasoma kwa sauti: "Funika chungu. Utani wa wanawake. Husemwa mwanamume mtanashati anapopita." Akakifunga kitabu. "Kumbe mimi ndiyo mtanashati! Miaka sita munaniimba na mimi sijui." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Lakini mimi si mjinga. Nimesoma hii kitu na nimefikiri. Kila mutu akisema hiyo neno, wawili wanasimama. Sasa, mwenye kusema, na mwenye kusimama kabla sijamuita, aache ungo yake hapo na aende nyumbani."

Jumatano akamwita Namwase. "Wewe wa Jinja! Funika chungu, twende stoo."

Alilisema yeye! Neno la Eseza, neno lililovusha wasichana mbele ya bunduki, linachezewa kinywani mwa mtu wa namna ile ile aliyetungiwa. Namwase aliinuka polepole, akamtazama Nafuna. Binti huyu alikuwa akiishi kwake, kule Namatala. Mama yake alimkabidhi akisema, "Huyu sasa ni wako." Na Nafuna, mkubwa wa wachambuaji, aliinamisha macho akaendelea kuchambua. Alifikiria wajukuu watatu wanaomtegemea. Alifikiria umri wake, na nani mwingine angempa kazi. Hakuna aliyeinuka. Walisikia komeo la stoo likivutwa kwa ndani.

Haukupita muda mrefu Namwase akarudi, vifungo vya blauzi vimefungwa kombo. Aliketi akachambua kahawa. Nyuma yake Conrad alitoka na mkono umefungwa leso, akitangaza kwamba mzani umemkata. Wanawake hawakutazamana.

Jioni, njiani kurudi nyumbani, binti alisema, "Nilimuuma, mama. Nilimuuma sana mpaka akafungua. Sasa anasema Jumatatu ataniita tena na hatacheza." Wakatembea. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Mimi nilikuwa nasikiliza kama munakuja."

Afadhali angemtukana! Tusi lingepita. Maneno yale yalikaa, na Nafuna alilala nayo, akaamka nayo, akayakuta kwenye ungo. Kila alipoyakumbuka damu ilimchemka upya, kwa Conrad mwenye uchafu wake, kwa kitabu chenye uongo wake, na kwa mama mzima aliyeuza ngao ya watoto kwa kicheko cha dakika moja.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuzindua kitabu, Jinja. Nafuna alialikwa kama mtoa maneno, apewe kitenge na kupigwa picha. Conrad mwenyewe ndiye aliyewaendesha kwa pikapu ya kiwanda, bandeji nyeupe mkononi, akipiga mluzi, na nyuma walikaa Nafuna, Namwase na wachambuaji wanne. Ukumbi ulijaa: walimu, wanafunzi, familia za Kihindi za mjini, wafanyabiashara. Mama yake Namwase alikuja kwa miguu kutoka Walukuba, amevaa gomesi yake ya sherehe, akaketi safu ya pili na kumpungia mwanawe mkono kwa furaha. Nafuna alipoiona furaha ile, aligeuza uso.

Bwana Arvind aliyelipia uchapishaji alisema machache, akapigiwa makofi. Kisha Ankita akamwita Nafuna jukwaani asome mwenyewe neno alilolitoa. Nafuna si msomaji wa mbio. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka mwisho wa ile sentensi, na watu wakacheka pale pa mtanashati kama ilivyotarajiwa.

"Hiyo ni uongo," Nafuna akasema.

Wakacheka tena, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

"Munacheka nini? Nasema ni uongo, na uongo ni ya kwangu mimi. Huyu mutoto aliuliza vizuri. Mimi ndiyo nilimudanganya, kwa sababu Conrad alikuwa amesimama kwa mlango."

Alikuwa akisema Kiswahili, na wazee kadhaa walikuwa wameshakunja nyuso. Wapo ambao tangu miaka ile ya askari waliosema Kiswahili, lugha hii huisikia kama amri ya kulala chini. Nafuna aliwageukia hao hao. "Nyinyi wazee munajua. Gari ya askari ikikuja, mama zenu walisema nini? Kila mutaa ilikuwa na neno yake. Ya kwetu ilikuwa funikeni vyungu, na wasichana walikimbia. Hiyo ndiyo maana yake. Inasema mutu mubaya anakuja, musiache mutoto peke yake. Zamani tulisema kwa askari. Leo tunasema kwa Conrad, ule amekaa pale mbele na bandeji."

Bwana Arvind akainuka na tabasamu la mwenye shughuli, mikono mbele. "Mama, leo siku ya furaha. Mambo ya kazi tutaongea ofisini, pole pole." Na hapo, usiamini, watu wakaanza kupiga makofi! Yale makofi ya adabu, ya kumteremsha mtu jukwaani. Nafuna aliyaona yalivyo na akawaka. Makofi hayo hayo yamewazika wanawake wangapi wakiwa hai?

"Baba, mwache amalize," Ankita akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilimtoka. Alikuwa ameshachomoa kalamu na kukata mstari juu ya maneno ya ukurasa wa kumi na tisa. "Niandike nini, mama?"

"Andika vile nimesema. Na jina ya Conrad andika."

Conrad aliruka kutoka kitini. "Huyu mama amelewa! Bwana Arvind, mimi nakufanyia kazi miaka sita. Ushahidi iko wapi?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawakusema ilivyo vigumu kufunua mbele ya mama yako mzazi. Namwase alisimama. Alimtazama mama yake kwanza, safu ya pili, akaona furaha ikimtoka usoni taratibu, na hata hivyo hakuketi.

"Iko chini ya bandeji," akasema. "Ni meno yangu. Jumatano, stoo, alifunga mlango na ndani. Hakuna mzani yenye meno ya mutu. Afungue muone."

"Fungua," Bwana Arvind akasema.

Conrad aliutia mkono mfukoni. Aliutia wote mpaka kifundoni, na ukumbi mzima ukamwona anavyouficha. Mama yake Namwase alitoka kwenye safu yake akipita juu ya magoti ya watu, akamkumbatia mwanawe, akalia kwa sauti kama msibani. Wachambuaji wanne walikuwa wameshafika pale kabla yake.

Bwana Arvind alionekana amezeeka. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu ambaye miaka yote hakuuliza, na Nafuna hakuona tofauti hiyo ilimfaa nini Namwase. Alimnyooshea Conrad kiganja. "Toa ufunguo ya stoo. Kazi hakuna tena." Conrad akautoa kwa mkono wa kushoto, akaondoka kwa mlango wa pembeni, watu wakimpisha njia kama mtu mwenye ukoma.

Ndipo Bwana Arvind alipopanda jukwaani na ufunguo ule, akamnyooshea Nafuna mbele ya kamera zote. "Mama Nafuna, samahani sana. Kuanzia leo ufunguo utashika wewe. Wewe ndiyo mlinzi ya hawa watoto."

Makofi yakalipuka, ya kweli safari hii. Wengine walisimama. Mpiga picha akapiga magoti atafute pembe nzuri. Na Nafuna, ambaye mtu yeyote angedhani sasa moyo wake umetulia, alihisi ghadhabu ikimpanda upya kutoka miguuni. Kumbe walidhani imekwisha! Walidhani wamepata picha ya mwisho.

"Mimi hapana taka," akasema.

Makofi yakasitasita.

"Mimi nitazeeka, bwana. Nitakufa, ama utanifukuza. Ufunguo itaenda kwa mutu mwingine, na yeye atakuwa Conrad wa tano. Eseza aliona wa kwanza, mimi nimeona huyu. Sisi tulipika maneno miaka yote hiyo kwa sababu hiyo stoo ina komeo ndani, na kahawa haihitaji kujifungia." Alishuka ngazi ya jukwaa, akamshika Namwase mkono, na mama yake mkono wa pili. "Polisi tunaenda sasa hivi, mimi na huyu mutoto. Hiyo ni ya Conrad. Ya kwako wewe ni mlango. Ng'oa."