Udongo Uliokataa Kwenda Motoni Peke Yake

Niliota usiku wa jana kwamba udongo wangu umelala kitandani kwangu, umejifunika blanketi langu, nami nimesimama pembeni na ndoo.

Mama Namsifu, anayenifundisha ufinyanzi, husema udongo ukishachimbwa lazima upumzike. Sawa, lakini nilikuwa nimechoka. Kila chungu nilichofinyanga kilipasuka motoni, na mama yangu, tangu chungu chake kivunjike, hagusi maharage ya sufuria. Anasema yana ladha ya kijiko. Anazidi kukonda, na mimi roho inaniuma.

"Amka," nikauambia.

"Punguza sauti," udongo ukasema. "Kwanza, ulinichagulia nini?"

Nikajibu kwamba ni laini, hauna hata punje ya mchanga. Ukacheka mpaka kitanda kikalia.

Mara tuko bondeni, kwenye shimo la udongo, kitanda na vyote. Mama Namsifu alinifundisha kuuviringisha udongo na kuuzungushia kidoleni, ukipasuka, haufai. Sasa udongo unanizungusha mimi kwenye kidole chake. Napasuka kiunoni.

"Huyu hafai," unawaambia wenzake shimoni. "Hana subira."

Nachemka. Nimeuchimba, nimeubeba kichwani, nimeukanyaga mpaka miguu ikafa ganzi, halafu unasema mimi sina subira. Nauuliza unataka nini tena.

Unajifuta uso kwa blanketi langu. "Motoni sijawahi kufika. Unanipeleka peke yangu, naogopa, napasuka. Nichanganye na mtu aliyewahi kwenda akarudi."

"Nitampata wapi?"

"Yuko nyuma ya mlango wa mama yako."

Nyuma ya mlango wa mama kuna vigae vya chungu chake kilichovunjika. Haruhusu mtu avitupe, hata kuvisogeza ni ugomvi. Nauambia udongo kwamba mama hatakubali kamwe.

"Umemuuliza?"

Sijamuuliza. Kabla sijajitetea tuko jikoni, vigae vinaingia kinuni vyenyewe, kimoja kinalalamika kwamba kinasukumwa. Mchi unaniambia niache kuzubaa. Natwanga huku nanung'unika.

Niliamka mikono inauma. Nikajiambia ni ndoto tu, nikatoka nimenuna.

Mama alikuwa jikoni, ameinamia kinu. Ndani mlikuwa na unga mwekundu. Nyuma ya mlango wake hapakuwa na kitu. Nikasubiri kugombezwa.

Alichota ule unga, akausugua taratibu kati ya vidole.

"Chekecha kwanza," akasema. "Chenga bado zipo."

Kisha akavuta ungo, akaanza kuchambua maharage.