Bonde Lisilo na Nukta

Ofisini walimwita Fagio, na jina lilimkaa vizuri, maana kazi yake ilikuwa kusafisha. Si sakafu, sakafu ilikuwa na wenyewe. Yeye alisafisha takwimu za wagonjwa wa jiji zima. Kila zahanati ilituma za kwake, nazo zilifika zimechafuka kweli kweli: mzee wa miaka mia nne, mwanamume aliyejifungua mapacha salama salimini, mtaa mmoja ulioandikwa kwa namna saba kana kwamba kila karani alikuwa na jiji lake. Fagio alizichambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, mpaka kila mgonjwa akabaki na umri wa binadamu na nyumba inayojulikana. Kisha kompyuta ilimgeuza kila mgonjwa kuwa nukta nyekundu juu ya ramani.

Ramani hiyo haikuwa pambo la ukutani. Kila Jumatatu wakubwa waliitazama, na palipojaa nukta ndipo palipopelekwa malori ya maji safi, dawa ya kutia visimani na mafundi wa mabomba. Pasipo na nukta hapakupelekwa hata salamu. Mkuu wa kitengo, mama mmoja mpole aliyeweka miwani kichwani halafu akaitafuta mezani, alipenda kusema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Aliyasema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha kufunga dirisha.

Usafi ulikuwa na sheria zake. Mojawapo ilisema hivi: kadi moja ya matibabu ikionekana mara nyingi siku moja, zahanati moja, basi karani ameteleza mkono, bakiza mstari mmoja, futa iliyobaki. Fagio aliipenda sheria hiyo. Kufuta kuna raha yake, asikudanganye mtu.

Basi palikuwa na kadi ya mwanamke mmoja mfua nguo, aliyeishi chumba cha uani katika nyumba ya matajiri kule mlimani. Kwa mujibu wa takwimu, mwanamke huyo aliharisha na kutapika asubuhi, mchana na jioni. Leo ana miaka arobaini, kesho ana minne. Meza nzima ilimcheka. "Huyu mama kahamia chooni," alisema mwenzake Fagio, na Fagio naye akacheka huku akifuta. Mlimani ikabaki nukta moja, safi, isiyomsumbua mtu.

Chini ya mlima huohuo, bondeni, ndiko alikoishi dada yake mkubwa. Wazazi walipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea Fagio na kumsomesha kwa cherehani yake, mpaka vidole vikapinda. Bonde halikuwa limepimwa. Nyumba hazikuwa na namba, vichochoro havikuwa na majina, na kisima kilikuwa kimoja, karibu na vyoo kuliko inavyofaa. Kitinda mimba wa dada walimwita Kasuku, kwa sababu alisema tangu kupambazuka mpaka usingizi umkatize katikati ya neno.

Jumapili moja Fagio alimkuta Kasuku amelala mkekani, macho yameingia ndani, kimya. Kimya kile kilimtisha kabla hajaambiwa lolote.

"Tumetoka zahanati sasa hivi," dada alisema. "Wamemtundikia dripu, amerudi kidogo. Lakini muuguzi kaniambia, akiendelea na maji haya haya itamrudia, na safari hiyo hataiweza."

"Si unachemsha, dada?"

"Nachemsha. Lakini huyu akienda kucheza anakunywa kikombe cha yeyote. Nimfunge kamba?"

Fagio akasema atamchukua mtoto akae kwake. Dada akatikisa kichwa. Fagio alikuwa ameshamchukua mara moja, katika kile chumba kimoja alichopanga na mkewe mwenye mtoto mchanga, na Kasuku akalia mpaka akarudishwa. Na hata angekaa, walikuwapo wenzake wanne, na watoto wa jirani, na wa jirani wa jirani.

"Na kadi mliipata wapi?" Fagio aliuliza, maana zahanati haikumpokea mtu asiye na kadi, na kadi hakupewa asiye na namba ya nyumba.

"Ni ya yule mfua nguo wa mlimani. Wewe nawe! Bonde zima tunatibiwa kwa kadi hiyo, hata wanaume wenye ndevu zao. Mpokea wagonjwa anajua, anafumba macho." Kisha akamshika mkono. "Lakini mdogo wangu, neno hili lisitoke. Huku kila mtu analijua. Wa nje nimekwambia wewe peke yako."

Yule mama waliyemcheka hakuwa mtu mmoja. Alikuwa bonde zima, na yeye ndiye aliyekuwa akilifuta, siku baada ya siku, huku mwenzake akimtolea vichekesho. Fagio aliona haya mbele ya mkeka ule. Alitamani kusema, akashindwa, akaenda kumchokoza Kasuku kwa utani wa kawaida, naye Kasuku hakujibu.

Kesho yake hakufuta hata mstari mmoja. Akabonyeza, akangoja. Nukta zote zikarundikana juu ya nyumba ya matajiri, kwa sababu kompyuta huweka nukta pale kadi inaposema, haijui mgonjwa kalala wapi. Kwa ramani ile malori yangepanda mlimani, kwa watu wenye matangi juu ya paa na bwawa la kuogeshea mbwa. Kuzishusha nukta bondeni kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji maelezo.

Akakaa na jambo hilo siku kadhaa. Dada alimsihi asiseme. Lakini mficha uchi hazai. Bonde likiendelea kujificha ndani ya kadi ya mtu mmoja, nani atajua kwamba linaumwa? Na Kasuku alikuwa ameanza kutoka tena kucheza. Akakata shauri, akaenda kwa mkuu wa kitengo na kumweleza yote.

Mama yule alivua miwani. "Kwa hiyo wale wote ni wagonjwa kweli?"

"Kweli, mama. Wengine ni watoto."

"Maskini." Akavuta karatasi. "Nitaandika mwenyewe. Nitaeleza vizuri, waelewe kwamba ni shida, si ujanja. Usiwe na wasiwasi."

Na aliandika vizuri, tumpe haki yake. Alieleza habari za kisima, akaeleza kwa nini watu huazimana kadi, akaomba malori yapelekwe bondeni mara moja. Lakini neno zuri likipanda ngazi nyingi hufika juu limechoka. Kule juu walisoma kitu kimoja tu: kadi moja, watu wengi. Wakaliita wizi wa huduma.

Kabla wiki haijaisha, mlinzi alisimamishwa mlangoni pa zahanati kukagua kadi na nyuso. Mfua nguo alinyang'anywa yake, na matajiri wake, waliosikia kwamba nyumba yao imetajwa katika habari za kipindupindu, wakamtupia vitu nje. Mpokea wagonjwa akahamishwa. Halafu likashuka agizo kwamba mistari yote ya kadi ile ni ya udanganyifu, haifai kubaki.

"Na malori?" Fagio aliuliza.

Mkuu wa kitengo hakuinua macho. "Nimewaomba. Wameniuliza nukta za bondeni ziko wapi."

Fagio akafuta. Alikuwa na mke na mtoto mchanga na kodi ya chumba. Tusijifanye mashujaa sisi tuliokaa tunasimuliwa. Safari hii hakuacha hata ule mstari mmoja.

Jumatatu iliyofuata ramani iliwashwa ukutani, na bonde lilikuwa jeupe pe. Mkubwa mmoja aliinyooshea kalamu. "Tazameni. Tangu tudhibiti kadi, bondeni hakuna mgonjwa hata mmoja. Hongereni sana." Watu wakapiga makofi. Bila shaka hapakuwa na mgonjwa. Hapakuwa na aliyeruhusiwa kuingia akaandikwe. Fagio aliyatazama makofi yale, na mikono yake mwenyewe ilikuwa inapiga pamoja na ya wenzake. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa dada.

"Imemrudia, na wametukataa mlangoni," alisema, anahema. "Nimempigia magoti yule mlinzi. Nampeleka hospitali kubwa kwa miguu. Njoo na gari lolote, ndugu yangu, njoo."

Alitoka mbio bila kuaga. Alimkuta dada kwenye ukingo wa barabara kuu, amekaa chini kwenye vumbi, Kasuku bado kafungwa mgongoni. Magari yalipita. Fagio alifungua mlango wa teksi, akamwita apande, na dada hakuinuka. Alikuwa ameshika ncha za kanga kifuani kwa mikono miwili na hakutaka mtu aifungue. Ndipo Fagio alipojua.

Msibani wanaume walikaa nje, mbele ya nyumba, kwenye viti vya kuazima. Mazungumzo yalikuwa mamoja. Ni nani aliyesema habari za kadi? Alikuwapo fundi baiskeli, jirani wa ukuta mmoja, ambaye mwanawe naye alikuwa nyumbani anatapika. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Huyo mtu anatujua. Na tukimjua sisi, wallahi atajuta kuzaliwa." Wengine wakaitikia. Fagio, aliyekaa katikati yao, alijikuta naye anaitikia kwa kichwa, na alijichukia kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufanya.

Mtoto mmoja wa dada akaja kumwita ndani. Dada alikuwa peke yake chumbani, anakunja nguo ndogo ndogo moja moja na kuzipanga.

"Wanauliza nani aliyesema," alisema.

"Dada..."

"Ngoja kwanza. Wa nje niliyemwambia ni mmoja."

Fagio akapiga magoti. Maneno yote aliyokuwa ameyaandaa yalimpotea, yakabaki haya: "Nilitaka mletewe maji."

"Najua." Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja upya. "Najua, mdogo wangu. Nimekulea, nakujua. Lakini hayakuja."

"Nisamehe."

"Nguvu za kukuchukia sina. Za kukusamehe pia sina."

Nje sauti za wanaume zilipanda, mmoja akaitaja kwa jina ofisi aliyofanyia kazi Fagio. Dada aliweka nguo chini, akaenda kusogeza ubao uliozuia mlango wa uani.

"Pita huku nyuma," alisema. "Wale wa mbele wakishajua, sitaweza kuwazuia. Na usije tena mpaka nikuite."

Fagio akapita nyuma. Mwaka ule ukaisha, mwingine ukaingia, na hakuitwa.