Sauti ya Sanamu ya Sita

Sauti ya chungu hukaa wapi: katika udongo, au katika ule uwazi ambao udongo umeuzunguka? Mhadhiri alikuwa amemwuliza Sikio swali hilo miezi minne iliyopita, akaongeza kwamba hataki jibu la haraka. Mpaka leo Sikio hakuwa na la haraka wala la polepole. Asubuhi hiyo ya onyesho alikuwa amekaa sakafuni katika ukumbi wa chuo, mgongo ukutani, vidole vimechanika kwa udongo hata kufunga kifungo ilikuwa adhabu, na alichokitamani duniani kilikuwa usingizi tu.

Mbele yake zilisimama sanamu tisa za udongo uliochomwa. Kila moja ilikuwa na umbo la mtu kuanzia kiunoni hadi shingoni, na mahali pa kichwa palikuwa na mdomo wazi kama wa mtungi. Ndani ya kila moja ilining'inia spika ndogo isiyozidi kiganja. Nyaya zilipita chini ya zulia hadi kwenye meza ya fundi wa sauti, ambaye chuo kizima kilimwita Waya, na hakuna aliyejua kama ni kwa sababu ya kazi yake au ya wembamba wake.

Kazi yenyewe ilitokana na mama mdogo wake Sikio, mfinyanzi kwa miaka thelathini sasa, ambaye ndiye aliyemlea. Mama huyo hakuuza chungu kabla ya kukigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, kichwa amekiinamisha, mithili ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Chungu kikiitika kwa sauti ndefu na safi, kilikwenda sokoni. Kikiitika kwa sauti fupi kama ya ubao, kilikwenda nyuma ya nyumba kupandwa maua. Sikio alipata jina lake huko, kwa tabia yake ya utotoni ya kubandika sikio kwenye kila chungu akisubiri kiseme.

Sanamu nane kati ya hizo tisa ziligongwa na mama mdogo mwenyewe, Waya akarekodi. Ya sita ilichelewa. Ilipasuka ikiwa mbichi, ikafinyangwa upya, ikachomwa peke yake wiki iliyopita. Mama mdogo huacha tanuri lipoe siku mbili kabla ya kuligusa. Sikio alilifungua jioni ile ile. Sanamu ilitoka na ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwapani hadi kiunoni, na alipoigonga ilimjibu kama ubao. Akaufukia ufa kwa uji wa udongo na jivu, kisha akamwomba Waya achukue sauti ya sanamu ya tatu, aishushe kidogo, aiweke kwenye ya sita. Waya hakuuliza mengi.

Mama mdogo aliingia saa mbili, mkoba begani, akichechemea.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?" Akamgeukia Waya aliyekuwa akimwamkia. "Na wewe ndiyo zaidi. Hapa hawawalishi?"

"Mimi nimeumbwa hivi, mama. Nikinenepa, jina watampa mwingine."

Akacheka kidogo, akaketi, akavua viatu. Waya akawasha mitambo. Milio ikaanza, ikahama kutoka sanamu hadi sanamu, ikapandana, ikajibizana, hadi zote zikanyamaza na ya sita ikaitika peke yake, mara tatu. Hapo ndipo mhadhiri, siku ya majaribio, alipofumba macho na kusema kwamba hiyo ndiyo roho ya kazi.

Mama mdogo aliinua kichwa.

"Huyu wa sita nani kamgonga?"

Akainuka pekupeku, akaenda kwenye sanamu, akaigonga mara tatu. Tu, tu, tu. Akapitisha kidole gumba ubavuni, taratibu, hadi kikakwama chini ya kwapa.

"Tanuri ulifungua lini?"

"Jioni ile ile."

"Na moto wake?"

"Nilivaa glavu."

"Sikukuuliza habari ya mikono yako."

Waya alijaribu kuokoa jahazi. "Mama, ni mlio mmoja tu. Watahini wenyewe watatu, nani atajua? Nikiutoa, shimo litabaki katikati ya kazi ya wiki mbili."

"Sijakasirika, baba. Nimechoka tu." Akarudi kitini, akaanza kuvaa viatu, macho kwa Sikio. "Wapo wanawake wananunua kwangu bila hata kuangalia, kwa sababu nimeshagonga. Wewe ndiye msomi, mwanangu, fanya unavyoona. Ila lile jina langu pale mlangoni litoe."

Sikio alikwenda mlangoni. Kadi ilikuwa imeshikwa kwa pini nne. Alichomoa mbili, kisha akasoma maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe: Zimegongwa na Mama Vyungu, mfinyanzi. Kila sanamu inasema kwa sauti yake yenyewe. Angeweza kulikata jina kwa mkasi, na uongo ungebaki umekaa palepale chini yake, bila mwenyewe. Akaona pia kwamba si udongo uliomchosha kiasi hiki. Wiki nzima alikuwa amesimama mbele ya sanamu ya sita kila mgeni alipoingia, asije mtu akainyooshea kidole.

Alirudi, akaigonga sanamu ya sita, ikamjibu kama ubao. Uwazi wa ndani ulikuwa mzima. Ufa haukuupunguza hata chembe. Kumbe basi sauti haikukaa humo, au haikukaa humo peke yake. Halikuwa jibu kamili, lakini lilikuwa lake.

"Waya, chomoa waya wa sita."

"Una uhakika? Mhadhiri—"

"Chomoa, kaka."

Waya aliuchomoa akiguna. Mama mdogo alikiacha kiatu cha pili mkononi.

Saa nne kasorobo watahini watatu waliingia pamoja na mhadhiri. Sikio alisimama kando ya sanamu, akasema kabla hawajauliza:

"Sanamu ya sita ina ufa. Nilifungua tanuri mapema, kisha nikaipa sauti ya sanamu ya tatu ili msijue. Sauti hiyo nimeitoa. Zamu yake ikifika, nitaigonga mimi kwa mkono wangu, mtaisikia ilivyo. Jina la mama mdogo linabaki kwenye zile nane. Hii ni yangu."