Tundu la Kushoto

Sindano ilipita hewani, juu kabisa ya jicho la mbuzi, na Sabina akaduwaa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Hilo lilikuwa kosa la tatu asubuhi hiyo. Akaongeza ukuzaji wa hadubini. Jicho likavimba, likajaza upeo wote, lakini likazidi kuwa bapa, picha isiyo na mbele wala nyuma.

Macho ya mazoezi yalinunuliwa buchani Mabatini, na sasa lilibaki moja. Akilishona sawasawa, saa nne angefanya upasuaji wake wa kwanza wa mtoto wa jicho. Mgonjwa, Mama Modesta, mchuuzi wa dagaa wa Kigongo, alikwishakaa kwenye benchi nje. Akikosea, angerudishwa chumba cha kupimia miwani, na hakuna aliyemwambia ni hadi lini.

"Daktari," akasema Nestory, muuguzi, "mbona jicho la kushoto unalifumba?"

"Silifumbi."

"Unalifumba. Wiki ya pili hii nakuangalia tu."

Sabina akalifumbua. Tundu la kushoto la hadubini lilikuwa giza tupu! Hadubini ilikuwa imepangwa kwa uso mpana wa Daktari Taherali, bingwa wao, mwenye macho yaliyoachana. Naye Sabina, mwenye uso mwembamba, alikuwa akichungulia kwa jicho moja siku zote hizo. Aliipangusa kila jioni na kuifunika kitambaa, ilibaki kuiamkia tu. Lakini kugusa skrubu zake? Thubutu! Alilelewa Butimba, katika nyumba ambayo kiti cha baba hakikaliwi hata baba akiwa safarini.

"Mzee atasemaje?" akanong'ona.

"Atasema. Lakini anayelala hapo saa nne si mzee, ni mama yule."

Akazungusha skrubu. Matundu yakakaribiana, duara mbili za mwanga zikasogeleana, zikagusana, zikawa moja. Lo! Jicho likainuka. Kioo chake kikatuna mbele, mboni ikazama nyuma yake, na kati ya sindano na jicho pakaonekana nafasi ambayo hakuwahi kuiona. Sabina akacheka kwa sauti, furaha imempanda hadi kooni. Akapunguza ukuzaji, akashusha mkono. Sindano ikaingia palepale alipotaka, akaufunga mshono.

Mlango ukafunguka.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

Daktari Taherali akaketi kukagua mshono. Alipoinamisha uso, akasita. Mkono wake ukaenda kwenye skrubu kwa mazoea ya miaka ishirini.

"Nani ameigusa?"

"Mimi, daktari. Nilikuwa sioni kina."

Mzee akauondoa mkono pale kwenye skrubu, akafumba jicho la kushoto, akaukagua mshono taratibu, kwa taabu, kwa hilo moja lililobaki.

Akasimama.

"Nestory, mwite Mama Modesta," alisema, akamsogezea Sabina kiti.