Mume wa Kwenye Kompyuta

Ng'ombe wa Anjalai alikufa msimu wa mvua, na tangu hapo mama wa watu alikoma kupita mbele ya chama cha maziwa. Alizunguka kwa nyuma, akachanwa na miiba, mradi tu asiulizwe na wenzake, "Leo lita ngapi?" Hakuwa na kiburi. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakimweka bintiye Kalyani kwenye chuo cha wauguzi huko mjini, na mumewe alishatamka, tena kwa mdomo mpana, kwamba yakikosekana binti arudi nyumbani aolewe na mtoto wa mjomba. Na huyo mtoto wa mjomba, tusifichane, ukimtuma chumvi anakuletea kiberiti.

Basi siku kipaza sauti kilipotangaza kwamba serikali inagawa ng'ombe wa maziwa kwa wanawake, na maombi yanapelekwa kwa kompyuta, Anjalai aliacha sufuria motoni akatoka mbio huku akifunga sari.

Kipaza sauti chenyewe kilikaa juu ya paa la kituo cha habari, ubavuni mwa hekalu. Watu wa mradi mmoja wa kusaidia vijiji walileta kompyuta, simu na paneli ya jua, na tangu hapo kijiji cha Karuvampatti hakikujua tena usingizi wa mchana. Asubuhi kilitaja bei ya karanga sokoni, madalali wasije wakawapunja watu. Adhuhuri kilitaja mvua. Jioni kilisema daktari wa mifugo anapita lini na mbuzi wa nani kapotea. Wazee walinung'unika mwanzoni kwamba kelele hizi zitawafukuza miungu, lakini siku kilipoharibika hao hao ndio waliokwenda kugonga mlango: "Mbona kimya? Karanga zimefika wapi leo?"

Mwenye kuendesha mitambo alikuwa Dhanam, bi harusi mpya aliyetoka kijiji cha mbali. Vidole vyepesi, ulimi wa adabu, kusoma kasoma. Ila majina ya watu wa pale alikuwa hayajui, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Kompyuta ilitaka jina la mama, ikalipata. Ikataka kitongoji, ikakipata. Kisha ikataka jina la mume, na bila jina la mume haisogei hata uilambe miguu. Sasa Karuvampatti mke hamtaji mumewe kwa jina. Hata ndotoni hamtaji. Ukimtaja unampunguzia umri, na akifa kesho watu watakuangalia wewe. Mwanamke akimtaka mumewe husema "Sikia," au "Baba fulani," yakaisha. Serikali haikuwafikiria wake walioolewa vizuri.

"Dada, mumeo?" Dhanam alimuuliza wa kwanza kwenye foleni.

"Hutoka usiku, huzidi nyota zote."

Dhanam akaandika Chandran, yaani mwezi. Hakulitamka mbele ya mwenyewe, maana hata kumtajia mke wa mtu jina la mumewe usoni ni kukosa haya. Alisema tu, "Nimempata. Mwingine!"

"Wangu mimi hulia shingoni mwa ng'ombe."

"Hiyo naijua! Nimempata." Huyo alikuwa Mani, yaani kengele.

"Wangu hulia popote ukimnyima chakula," akasema wa nyuma, foleni nzima ikacheka mpaka Dhanam akafuta machozi kwa pindo la sari.

Ikafika zamu ya Anjalai. Akainama, sauti ikashuka. "Yule mungu wetu wa mlimani, anayepanda tausi."

"Enhe, ana majina mia huyo."

"Nyuso zake ngapi?"

"Sita."

"Basi, umeshafika nyumbani."

Msiba wenyewe uko hapa. Nyuso Sita, kwa Kitamil cha kila siku, ni Arumugam. Lakini kwa lugha ya makuhani, nyuso zile zile sita ni Shanmugam. Mungu mmoja, nyuso zile zile, majina mawili. Kwao Dhanam kila Nyuso Sita aliitwa Shanmugam: mjomba wake, mwalimu wake, hata fundi baiskeli. Akaandika Shanmugam kwa moyo mweupe kabisa. Taa ikaanza kupepesa, akawahi kubofya, ujumbe ukaondoka, na umeme nao ukafuata.

Mume wa Anjalai aliitwa Arumugam. Shanmugam pale kijijini alikuwepo mmoja tu, jirani wa shamba, na yeye na Arumugam waligombania mfereji wa maji mpaka salamu zao zikawa matusi.

Majibu yalipokuja, Arumugam alikuwa kwa kinyozi, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu. Kipaza sauti kikakohoa. "Waliopata ng'ombe ni hawa wafuatao. Sarasu, mke wa Mani. Anjalai, mke wa Shanmugam..."

Kinyozi akasimamisha wembe. "Kaka," akasema polepole, "pole sana. Harusi hatukuisikia."

Arumugam alifika nyumbani na povu lake. "We mwanamke! Asubuhi nimekuacha hapa una mume mmoja!"

"Na sasa ninao wangapi?"

"Kaiulize kompyuta! Kijiji kizima kimesikia, mpaka mbuzi!"

Anjalai hakuwa na muda wa kubishana na mtu mwenye povu. Akakimbilia kituoni. Dhanam aliposikia, aliuma ulimi, akashika masikio yake mawili kuomba radhi, akapiga simu wilayani mara kadhaa. Jibu likawa lile lile: ng'ombe wameshapangwa, gari linakuja kesho asubuhi, na afisa ndiye mwenye ruhusa ya kurekebisha, tena hapo hapo kwenye makabidhiano.

"Nisamehe, dada. Mimi nilijua Nyuso Sita ni..."

"Usilitaje!" Anjalai akamziba mdomo. Halafu akakaa chini kwenye kizingiti, na kicheko kilichokuwa kikimtekenya tangu alipoona lile povu kikamtoka mwilini chote. Aliiona sura ya Kalyani, na vazi lake jeupe la chuo alilolishona mwenyewe. Moyo ukamuuma kwelikweli.

Asubuhi gari likaja. Afisa mifugo, Bwana Elangovan, alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Jua lilishamkasirisha, na vijiji vingine vilimsubiri. Ng'ombe wa Sarasu akashuka, akapokewa. Akashuka wa pili, mweusi mwenye paji jeupe, kiwele kimejaa. Anjalai alipomwona alisahau kupumua.

"Anjalai, mke wa Shanmugam!"

"Ndiyo mimi, bwana, ila jina la mume limekosewa."

"Limekosewa na nani? Mumeo ni nani?"

"Yule pale." Akamwelekeza kwa kidevu.

"Anaitwaje?"

Anjalai akatazama vidole vya miguu. Wanawake wote wakatazama vidole vya miguu.

"Mimi ndiye mumewe!" Arumugam akapasua umati. "Naitwa Arumugam, watu wote hawa ni mashahidi."

"Bwana mkubwa, ng'ombe akishafika kila mtu ni mume," Elangovan akasema. "Na mashahidi usiniambie. Jana kijiji kingine kizima kiliniapia kwamba mbuzi aliyekufa alikuwa ng'ombe wa bima. Kanuni yangu ni moja: ama mama mwenyewe amtaje mumewe, ama huyu Shanmugam aliyeandikwa amkane. Yuko wapi?"

"Nipo, bwana!" Shanmugam akajitokeza, kajipaka majivu matakatifu kwenye paji la uso, na mkononi kashika kamba mpya. Alikuja amejiandaa, mnafiki yule. "Mimi ni nani hata nibishane na kompyuta? Binadamu hudanganya. Kompyuta haina shemeji hapa kijijini, haitafuni tambuu, haimwogopi mtu. Ikisema ng'ombe ni wa nyumba ya Shanmugam, mimi nitii tu."

"Mwizi we!" Arumugam akafoka. "Kwanza maji, sasa ng'ombe!"

"Mama, mtaje basi mumeo tumalize," Elangovan akasema.

Arumugam akamsogelea mkewe, akanong'ona kwa nguvu ambayo hata waliokuwa hekaluni walisikia. "Usithubutu! Toka juzi nakohoa. Ukinitaja nikafa, huyo ng'ombe atakamuliwa na nani?"

"Kwani wewe umewahi kukamua?"

"Sijasema hilo. Nasema usinitaje!"

Shanmugam alikuwa ameshaanza kumvisha ng'ombe kamba. Anjalai akamtazama mumewe, akamtazama yule mnyama, na hasira ikampanda mpaka ikageuka kitu kingine, kitu cha utundu. Midomo ikaanza kumcheza. Akageuka, akaingia kwake, si mbali, akatoka na mkeka kwapani, sufuria kichwani, na mto wake wa kulalia.

"Unakwenda wapi?" Arumugam akauliza.

"Kwa mume wangu."

Akapita mbele ya umati mzima mpaka kwenye kibanda cha Thaiyal, mke halali wa Shanmugam, mwenye kuuza idli za moto, vile vikate vya mchele vya mvuke, kila asubuhi pembeni mwa hekalu. Thaiyal alikuwa na mikono minene na sauti ya kusimamisha lori. Watu wakarudi nyuma, wakijua leo kutavunjika kitu.

"Dada," Anjalai akasema, akitua sufuria, "nisogezee mkeka wako kidogo. Serikali imenileta. Anakokwenda ng'ombe na mke anakwenda."

Thaiyal akainua mwiko. Akamtazama Anjalai, na Anjalai akamkonyeza jicho moja, lile lisiloelekea kwa wanaume. Mwiko ukakaa hewani. Kisha Thaiyal akaushusha taratibu, na mashavu yakamvimba.

"Ebo! Mke mwenza! Mbona umechelewa hivi?" akapaza sauti. "Karibu, karibu! Nimechoka peke yangu. Sikia kazi zako. Usiku anakoroma, umgeuze ubavu wa kulia. Alfajiri maji ya moto, lakini yasiwe ya moto. Mgongo anakunwa kwa kitana, si kwa kucha. Na mama yake, miguu yake inakandwa mara mbili, na kila ukiikanda atakwambia mkamwana wa fulani anakanda vizuri zaidi."

"Nitaweza, dada."

"Basi tugawane mapema tusije tukagombana. Mimi nachukua ng'ombe, wewe chukua bwana."

"La, dada, wewe ndiye mkubwa. Bwana ni haki yako. Mimi nitajikaza na ng'ombe tu."

"Hapana, nimekupa! Mchukue leo leo!"

Wanawake walishikana wasianguke. Shanmugam kamba ilimlegea mkononi. "Thaiyal, mwanamke huyu ametoka wapi? Utani gani huu?"

"Utani? Si umesema mwenyewe kompyuta haidanganyi? Hebu mwambie afisa inadanganya!"

Elangovan alivua miwani akaifuta. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuonekana mwenye haraka. "Bwana Shanmugam, hebu tuelewane. Huyu wa idli ni mke wako?"

"Ndiyo, bwana."

"Na huyu wa mto, ambaye karatasi inasema ni wako na wewe hukani, ni mke wako pia?"

Shanmugam akatazama ule mto, akatazama mwiko wa Thaiyal.

"Maana kwa sheria ya nchi hii," Elangovan akaendelea, "Mhindu mwenye wake wawili hulala jela. Ng'ombe nitamwacha. Wewe nitakupakia pale alipokuwa amesimama. Nafasi ipo."

"Simjui!" Shanmugam akaitupa kamba ikaangukia kwenye idli. "Bwana, simjui kabisa! Si mke wangu! Ni mke wa huyu Arumugam, mbaya wangu wa mfereji! Arumugam! Andika!"

"Idli hizo utazilipa," Thaiyal akamwambia mumewe, "na mgongo wako leo ujikune mwenyewe."

Dhanam aliyekuwa kasimama mlangoni mwa kituo alirukia ndani kwenye kompyuta yake. Elangovan akamgeukia Arumugam. "Haya, Nyuso Sita wa kweli. Mume anathibitisha. Mke wako anaitwa nani?"

"Mama Kalyani."

"Mama Kalyani simwoni humu. Jina lake."

Arumugam akakohoa. Akajikuna shavu. Umati haukumcheka, maana wanaume wa Karuvampatti nao hawakuwa na tofauti. Tangu siku ya harusi mke alikuwa "Sikia," alikuwa "We," alikuwa mama wa mtoto fulani, na jina lake aliliacha kwa baba yake pamoja na viatu vya utoto. Anjalai alisimama na mto wake kifuani. Utundu wote ulimwishia. Ghafla akaogopa kwamba mtu huyu hatalitaja, kwamba kipaza sauti na afisa wamelitaja jina lake, lakini yule aliyempikia miaka yote ile atashindwa.

"Bwana, mbele ya watu?" Arumugam akauliza kwa sauti ndogo.

"Mbele ya watu."

Akamtazama mkewe, si kwa hasira. "Anjalai," akasema. Kisha, pengine akidhani afisa hakusikia, akasema tena kwa nguvu, "Anjalai!"

"Abee," mwanamke akaitika kabla hajajizuia, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana. Akajificha uso kwenye mto. Wanawake walipiga vigelegele, Thaiyal akagawa idli za bure, hata zile zilizoguswa na kamba.

Walirudi nyumbani wakiwa watatu, Arumugam mbele akimvuta ng'ombe, Anjalai nyuma na mkeka wake. Wakafika. Lango lilikuwa limefungwa, na mikono ya Arumugam ilikuwa imejaa kamba.

"Anjalai," akasema bila kugeuka, "hebu fungua lango."

Alimsikia vizuri sana. Akainama, akajifanya anatoa mwiba mguuni, asimjibu, ili amwite tena.