Karatasi ya Mlangoni

Kijakazi Shamte alimwonea Sabra wivu, na sitaki mtu anizungushe hapa akaniambia eti ulikuwa uchungu, eti alivunjwa moyo. Ulikuwa wivu, ule unaomfanya mtu aone chai chungu na sukari katia mwenyewe. Na ulianza na karatasi.

Karatasi yenyewe ilibandikwa mlangoni pa ghala la zamani la mbata, pale Kilindoni, ambalo mzee Sherali mwenye duka la vitambaa aliwaachia watu wa mtaa walifanye shule ya ngoma. Ghala linafagiliwa kila siku mwaka wa tisa huu na bado linanuka nazi kavu. Juu ya karatasi paliandikwa kwa herufi kubwa: WALIMU NA WASANII WETU. Kisha majina. Sabra Matano, stashahada ya sanaa za maonyesho, mkuu wa mafunzo. Mfaume Iddi, mpiga ngoma. Aziza Ally, mavazi. Na chini kabisa, pale gundi ilipoishia karatasi ikaanza kujikunja, Kijakazi Shamte, msaidizi.

Msaidizi! Mwanamke aliyeianzisha shule ile na wasichana saba na ngoma moja ya kuazima. Shuleni hakuvuka darasa la saba, hilo ni kweli, lakini miaka ishirini hii halikuchezwa lelemama la maana kuanzia kijiji cha Kanga mpaka kisiwa cha Juani ambalo yeye hakulitia mkono. Alilisoma neno lile mara mbili. Akaikunjua ncha ya karatasi kwa kidole, akalisoma mara ya tatu, kana kwamba lingebadilika. Halafu akaingia ndani kufundisha, na wasichana waliokuwepo siku ile wanakumbuka mpaka leo jinsi magoti yalivyowauma.

Aliyewekwa juu yake angekuwa mgeni kutoka bara, labda Kijakazi angevumilia. Lakini Sabra alikuwa mwari wake. Msichana yule alipovunja ungo, mama yake alimshika mkono akampeleka kwa Kijakazi, akasema, huyu hapa, kuwa somo yake. Kijakazi akamweka ndani, akamfunza mambo ya wanawake, akamcheza unyago. Na huku kwetu somo si wa wiki mbili, ni wa maisha. Mwari akifanya la kupendeza, somo naye husifiwa. Akifanya la aibu, hakuna anayemsema yeye. Watu huuliza tu, huyu mwari wa nani? Jibu likipatikana, basi somo atafute pa kuuficha uso wake.

Sabra hakumaliza siku zake za ndani. Mitihani ya shule ilikaribia, akatolewa siku ya saba, na Kijakazi akaahidi kwamba yaliyobaki atammalizia atakapopata mume. Mume mpaka leo hajapatikana. Kilichopatikana ni stashahada.

Alirudi kutoka chuoni na spika ya kuunganisha na simu, na filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira. Kijakazi alikuwa akifundisha kwa mdomo, ti-ta, ti-ti-ta, na miguu ikafuata. Sabra alihesabu. "Moja, mbili, tatu, nne! Tena!" Hazikupita wiki tatu, binti mmoja wa Chole, aliyekuwa akivuka maji kila Jumamosi kuja kujifunza, akamuuliza Kijakazi kwa adabu zote, "Bibi, hiyo ti-ti-ta ni ya tatu au ya nne?" Kijakazi akajibu kwamba ni ya wenye miguu. Wasichana wakacheka, yeye hakucheka.

Kisha ikaja siku ya filimbi, na hiyo ilimwingia mpaka kwenye mfupa. Ngoma ya wanawake huku haisimamishwi kwa kelele. Mwenye ngoma akiona mambo yameharibika, huvua kanga ya kichwani akaitupa juu ya ngoma, na mpigaji huondoa mikono palepale, hata kama ni Mfaume, ambaye kwa jambo jingine lolote unaweza kumwita mpaka sauti ikukauke. Ni kazi ya mmoja tu, na miaka yote pale ghalani mmoja huyo alikuwa Kijakazi. Siku ile Sabra alipuliza filimbi katikati ya ngoma, na Mfaume akaondoa mikono.

"Umesimama?" Kijakazi alimuuliza.

"Si imepulizwa?" Mfaume akasema, akawasha sigara yake mlangoni.

Na lililomkera kuliko yote ni kwamba Sabra hakuwa na kiburi. Angekuwa nacho ingekuwa nafuu. Mwenye kiburi unamchukia ukalala zako. Sabra kila asubuhi alimpokea kikapu, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, somo." Kijakazi akajibu, "Marahaba, mwanangu," na neno "mwanangu" likamkwama kama mwiba wa samaki changu.

Mwenyekiti wa kamati, Ussi, mtu wa maneno mengi na miwani ya kusomea asiyoivua hata akila, aliwakusanya walimu akawaambia kutakuwa na onyesho uwanjani. Atakuja ofisa utamaduni, watakuja watu wa visiwa vyote. Na baada ya lelemama atatangazwa mwalimu mkuu wa kwanza wa shule. Jina kamati imeshalipitisha, alisema, ila litasemwa siku hiyo.

"Sasa hilo nalo siri?" Aziza alisema baadaye, pini zimemjaa mdomoni, akipima kanga za wachezaji. "Kijakazi, wewe anza mazoezi ya kupiga makofi."

Kijakazi alicheka na wenzake. Lakini usiku mzima, na kesho yake, na siku iliyofuata, alichokiona ni mikono yake mwenyewe ikimpigia Sabra makofi. Alikitaka cheo kile, mimi sitasema kwamba hakukitaka. Alitaka jina lake lisemwe kwenye kipaza sauti mbele ya watu, mara moja tu katika maisha yake, na lisifuatwe na neno msaidizi.

Basi wiki moja kabla ya onyesho, Sabra akamfuata pale anapokunja mikeka. "Somo, lelemama letu zuri lakini linaishia hewani. Linakatika tu. Hakuna kitu cha zamani cha kulifungia?"

Jibu la haki lilikuwa fupi: hakuna. Kijakazi alifungua kinywa kulisema, na kinywa kikasema, "Kipo."

Akamfundisha Ijumaa, wanaume wako msikitini na ghala limefungwa kwa ndani. Baada ya mzunguko wa tatu, unawapa watu mgongo. Unafungua fundo la kanga kiunoni, unashuka magotini, unalifunga tena ukizunguka taratibu. Sabra alilishika mara ya pili tu, maana mwili wake ulizaliwa kwa kazi hiyo. Na alipolicheza lilikuwa zuri mno, kiasi kwamba kwa dakika nzima Kijakazi alisahau alichokuwa akikifanya.

Alikuwa akifanya nini? Ule ulikuwa mchezo wa ndani. Ni katika yale aliyoyabakiza, yale ya kumfunza mwari anapokaribia kuolewa, mlango umefungwa, wamo wanawake peke yao. Hakuna mwanamume anayeujua na hakuna mwanamke aliyeolewa asiyeujua. Ukichezwa uwanjani mchana kweupe, mbele ya baba zao na kaka zao, wanawake wangeinuka na mikeka yao wakawaondoa binti zao, na hakuna mzazi ambaye angemkabidhi tena Sabra mtoto wake amfundishe hata kupiga makofi. Hilo ndilo Kijakazi alilolitaka, na alilitaka akiwa na akili zake timamu.

"Usilicheze mazoezini," alimwambia. "Litaisha utamu."

"Ahsante, somo," Sabra akasema, akambusu mkono.

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri uwanja ulijaa, wanaume wamesimama upande wa barabara, wanawake wamekaa mikekani mbele. Katikati ya mkeka wa kwanza alikaa Bi Safia, kungwi mkongwe, ambaye zamani ndiye aliyemcheza Kijakazi mwenyewe. Kijakazi alikaa mwisho wa benchi la walimu, mbali na Mfaume na ngoma zake, kanga yake mpya imemkaa vizuri kichwani. Na nasema alikuwa na furaha.

Wachezaji walijipanga. Kabla ngoma haijalia, Sabra akakichukua kipaza sauti. Hilo halikuwamo katika ratiba.

"Jamani, mlangoni kwetu pana karatasi," alisema. "Imeandikwa kwamba Bi Kijakazi Shamte ni msaidizi. Niliiona nikanyamaza, na nilifanya vibaya. Mnachokwenda kukiona leo, mwanzo wake na mwisho wake, nimefundishwa na yeye. Yeye ndiye somo yangu. Msaidizi ni mimi."

Vigelegele vikapasuka. Jina la Kijakazi likatoka kwenye spika likavuka uwanja mpaka kwenye maduka, vilevile alivyokuwa akiliwaza. Aziza akampiga kikumbo cha furaha. Bi Safia akageuza shingo, akamtazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na ngoma ikaanza.

Mzunguko wa kwanza Kijakazi hakuuona. Alikuwa anasikia swali moja tu: huyu mwari wa nani? Na jibu lilikuwa limeshatolewa kwa kipaza sauti, kabla hata ya swali kuulizwa. Katika wivu wake wote alikuwa amesahau jambo ambalo mtoto wa miaka kumi kisiwani hapa analijua. Alimchimbia Sabra shimo, kumbe amesimama naye mlemle.

Mzunguko wa pili. Alimkonyeza Sabra, akamtikisia kichwa kumkataza. Sabra akadhani anasifiwa, akatabasamu.

Mzunguko wa tatu uliisha. Sabra akageuka akawapa watu mgongo, na mkono wake ukaenda kwenye fundo la kanga kiunoni. Bi Safia alikwishaanza kujiinua mkekani.

Kijakazi alikimbia. Ukiniuliza alikimbia kumwokoa Sabra au kujiokoa mwenyewe, sitakudanganya. Hatua za mwanzo zilikuwa za kujiokoa. Ila njiani alimwona Sabra uso, maana alikatiza nyuma ya wachezaji, upande ule ambao Sabra ameugeukia. Msichana alikuwa amefumba macho, anatabasamu, anafanya alivyofunzwa, bila shaka hata moja. Hatua zilizobaki zilikuwa za Sabra. Akaivua kanga yake kichwani, akaitupa juu ya ngoma.

Mfaume akaondoa mikono. Kijakazi akasimama mbele ya watu wote kichwa wazi, mvi zake nje, hajui pa kuweka mikono.

"Wivu huo!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Wengine wakadakia. "Kasifiwa na bado! Mama mzima huyo! Muoneni!" Wanaume walipiga miluzi. Ussi alikichukua kipaza sauti akamwomba radhi ofisa utamaduni mara nne, na mwalimu mkuu hakutangazwa.

Bi Safia hakupiga kelele. Alipita karibu na Kijakazi akiwa ameshikiliwa na mjukuu wake, akasimama. "Umewahi kumzuia," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wewe na Mungu wako mnajua nani alimpa mchezo ule."

Sabra alimkuta ghalani, amekaa juu ya mikeka. Sabra alikuwa ameshika ile kanga iliyotupwa ngomani. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Kijakazi.

"Nimekosea wapi, somo?"

Angeweza kudanganya. Angesema ulikosea mguu, na Sabra angeamini, maana Sabra aliamini kila kitu kilichotoka katika kinywa kile.

"Hukukosea," Kijakazi alisema. "Ni mchezo wa ndani ule. Si wa kuonwa na wanaume. Nilikupa makusudi."

"Makusudi?"

"Nilikuonea wivu, Sabra. Sina jina jingine la kuuita."

Sabra alionekana mdogo, kama yule wa siku ya saba, aliyetolewa ndani na manjano ya mwari bado mashavuni akakimbilia mitihani. Halafu akaja, akamfunika Kijakazi kichwa kwa ile kanga, akaitengeneza vizuri mabegani, akatoka.

Ussi alitaka kumfukuza Kijakazi siku ileile. Sabra alikataa. Aliiambia kamati kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anakwenda kuharibu lelemama na mwenye ngoma akamsimamisha, ndiyo kazi yake, kuna nini zaidi? Walipomuuliza aliharibu nini, alisema hayo ni ya wanawake, na kamati ikasalimu amri. Hakumwambia Aziza, hakumwambia hata mama yake. Siri ya somo yake aliitunza kama mwari anavyotakiwa kuitunza, na hapo hakuna anayeweza kumtoa kasoro.

Jumatatu Kijakazi alifika ghalani asubuhi, kikapu mkononi, akakuta karatasi mpya mlangoni. Ilikuwa na mikunjo minne, maana Sabra aliichapisha kwenye duka la kuchapisha la Irfan siku mbili kabla ya onyesho, kamati ilipokubali ombi lake la kulibadili jina, cheo apewe somo yake, akakaa nayo mkobani. Kijakazi Shamte, mwalimu mkuu. Jina lilikuwa la kwanza, juu kabisa, kwa herufi nene. La Sabra lilikuwa chini yake. Pembe zote nne zilikuwa zimetiwa gundi ya kutosha.

Sabra alikuwa ndani, anatandika mikeka. Aliinuka, akaja, akampokea kikapu, akapiga goti kidogo kama siku zote.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

Kijakazi akasubiri. Alisubiri lile neno jingine, lile aliloitwa na Sabra miaka kumi na mbili tangu amcheze, pengine litafuata. Sabra alikuwa ameshageuka, anaita wasichana wajipange.

"Marahaba," Kijakazi akasema, na hakuthubutu kuongeza mwanangu.